Nyani Haoni Kundule: Historia Fupi ya Somo la Kujitambua Katika Shule za Biashara

Muhula wa kwanza wa masomo yangu ya uzamili ya biashara, mhadhiri wetu alichora mraba ubaoni, akaugawa vipande vinne, kisha akaandika juu yake: Dirisha la Johari. Jamaa aliyekaa karibu nami akaninong'oneza, "Huyu Johari ni wa Unguja au wa Tanga?" Tukacheka chini chini. Nani asiyemjua Johari? Kila mtaa una Johari wake, na neno lenyewe tunalifahamu tangu utotoni: kito, kitu cha thamani.

Kumbe Johari huyu si mtu, na wala si Kiswahili. Ni Joe na Harry. Joseph Luft na Harrington Ingham walikuwa wanasaikolojia wa Marekani waliouchora mchoro huo mwaka 1955 huko California. Walipotafuta jina la kuupa, waliunganisha majina yao ya mkato, na kwa bahati tu kilichotoka kikafanana na neno letu.

Ukisoma MBA leo, ni vigumu kulikwepa dirisha hili pamoja na ndugu zake: dodoso za kujipima tabia, kazi za kikundi, fomu za kutathmini wenzako. Mara nyingi tunavipokea kama vitu vyepesi vya kupumzikia baada ya hesabu za fedha. Lakini vina historia ya zaidi ya miaka 75, yenye wakimbizi, ugomvi na watu walioumia. Pia vina swali ambalo bado halijatulia: je, mtu mzima mwenye digrii yake anaweza kufundishwa kujijua na kufanya kazi na wenzake? Na kama anaweza, mwalimu wake hasa ni nani?

"Ukishaongea wewe..."

Nianze na langu, usije ukadhani nakuhubiria. Tulikuwa sita kwenye asaimenti ya mkakati wa soko. Mimi niliandika karibu yote, nikatengeneza slaidi, nikawasilisha. Saa sita usiku nilikuwa kwenye simu nikimlalamikia dada yangu kwamba wenzangu ni kupe, wananyonya tu. Alama zilikuja nzuri.

Wiki iliyofuata mhadhiri akatugawia vikaratasi. Kila mmoja amwandikie kila mwenzake jambo moja alilofanya likasaidia kundi, na jambo moja lililolikwamisha. Nikasubiri shukrani zangu. Kati ya vikaratasi vitano nilivyopokea, vitatu vilisema karibu kitu kilekile. Kimoja kilisomeka hivi: "Ukishaongea wewe, mjadala umeisha. Tulikuachia kazi kwa sababu ulishaichukua."

Siku mbili nilikasirika. Siku ya tatu nikaanza kuvikumbuka vikao vyetu kimoja kimoja: nani alianza sentensi, nani aliimalizia. Mara nyingi aliyeimalizia ni mimi. Basi nikafanya anachofanya mwanafunzi akiumia. Nilikwenda maktaba kumtafuta aliyebuni mateso haya.

Jioni moja New Britain, 1946

Njia inakupeleka kwa Kurt Lewin. Alizaliwa mwaka 1890 katika familia ya Kiyahudi huko Mogilno, mahali ambapo leo ni Poland. Alifundisha saikolojia Berlin mpaka Wanazi waliposhika madaraka mwaka 1933, akahamia Marekani. Mama yake alibaki Ulaya, na Wanazi wakamuua. Unaweza kuelewa kwa nini mtu huyu alitumia miaka yake ya mwisho kuchunguza jinsi kundi linavyombadilisha mtu, na jinsi kundi lenyewe linavyoweza kubadilishwa.

Kiangazi cha 1946, tume ya jimbo la Connecticut iliyoshughulikia mahusiano ya watu wa rangi mbalimbali ilimwomba aandae warsha. Walikutana katika chuo cha ualimu mjini New Britain. Wengi wa washiriki walikuwa walimu na wafanyakazi wa ustawi wa jamii waliotaka kupambana na ubaguzi kwenye maeneo yao. Mchana walijadiliana kwa makundi. Watafiti walikaa pembeni wakiandika nani kasema nini, nani kamkatisha nani, lini kundi lilikwama. Jioni watafiti walikutana peke yao na viongozi wa makundi kulinganisha walichokiona.

Jioni moja, washiriki watatu wakauliza kama wanaweza kuketi na kusikiliza. Watafiti wengine walisita. Hebu jiweke mahali pao: ungependa mtu unayemchunguza akae mbele yako huku unasoma maandishi yako juu yake? Lewin akakubali waingie.

Haikuchukua muda. Mtafiti mmoja alipoeleza jinsi mama mmoja alivyotenda kwenye kikao cha asubuhi, mama huyo alikuwa amekaa palepale. Akaingilia: haikuwa hivyo. Mtafiti akatetea alichoandika. Kiongozi wa kundi akaongeza alivyoona yeye. Chumba kikachangamka. Habari zikaenea, na jioni zilizofuata washiriki wengine wakafurika, wakitaka nao kusikia walivyoonekana.

Lewin na wenzake, Ronald Lippitt, Leland Bradford na Kenneth Benne, waliona kwamba wamejikwaa kwenye jambo kubwa. Mihadhara ya mchana ilikuwa na faida yake, lakini watu walijifunza zaidi pale ambapo tendo lao wenyewe, la siku ileile, liliwekwa mezani mbele ya walioliona. Wahandisi walikuwa tayari na neno la jambo hilo, ambalo kwa Kiswahili tunaliita mrejesho. Fikiria jokofu lako. Linapima baridi lililoitengeneza lenyewe, kisha linaamua kuwaka au kuzima. Lisipopata kipimo hicho litagandisha kila kitu, na halitajua.

Lewin hakuona matunda. Alifariki Februari 1947. Miezi michache baadaye wenzake watatu walifungua kambi ya mafunzo katika mji mdogo wa Bethel, jimbo la Maine, na humo wakaigeuza ajali ya New Britain kuwa mbinu.

Kundi lisilo na ajenda

Mbinu hiyo iliitwa kundi la T, herufi ya kwanza ya neno la Kiingereza lenye maana ya mafunzo. Inavyofanya kazi ni rahisi kueleza na vigumu kuvumilia. Watu kama kumi na wachache hivi wanakaa duara. Hakuna ajenda, hakuna mwenyekiti. Mwezeshaji anasema maneno machache, kisha ananyamaza.

Kinachofuata unaweza kukitabiri ukikumbuka kikao chochote cha harusi ambacho mwenyekiti amechelewa. Mmoja atapendekeza wajitambulishe. Mwingine atachukua kalamu na kujifanya katibu. Wa tatu atatania. Wa nne atanuna kwamba wanapoteza muda. Wa tano hatasema neno. Kwa kuwa hakuna kazi ya kujificha nyuma yake, kila mtu anajaza pengo kwa mazoea yake. Hapo ndipo mwezeshaji anauliza: jamani, hapa pametokea nini? Nani amemsikiliza nani? Aliponyamaza fulani, wewe ulidhani nini? Na unapolijibu swali hilo, mwenyewe yupo, anakuangalia.

Luft na Ingham walikuwa kwenye kazi za namna hiyo walipochora dirisha lao, na ukilijua chimbuko lake mchoro unaeleweka mara moja. Kipande cha kwanza ni yale ninayoyajua juu yangu na wenzangu wanayajua. Cha pili ni yale wenzangu wanayaona na mimi siyaoni. Wazee walishamaliza: nyani haoni kundule. Cha tatu ni yale ninayoyajua na ninawaficha, na hapo pia tuna methali: mficha uchi hazai. Cha nne ni yale ambayo hayajulikani kwangu wala kwao. Kazi ya kundi ni kukipanua kile kipande cha kwanza. Kuna njia mbili tu za kukipanua: mimi niseme, au wao waniambie. Kujikagua peke yako chumbani, hata ukikesha, hakukufikishi kwenye kipande cha pili. Nadhani hili ndilo nililokuwa sijalielewa siku nilipolalamika kwa dada.

Katika miaka ya 1950 mbinu ikahamia kwenye biashara. Kampuni ya mafuta ya Esso ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kuitumia kwa mameneja wake. Walimu wa shule za biashara nao wakaichukua: Douglas McGregor, Edgar Schein na Warren Bennis kule MIT, Robert Tannenbaum kule UCLA.

Hesabu zinaingia, watu wanatoka

Wakati huohuo shule za biashara za Marekani zilikuwa taabani. Mwaka 1959 zilitoka ripoti mbili nzito, moja kwa fedha za Ford Foundation na nyingine kwa fedha za Carnegie Corporation. Zote mbili zilisema kwa kirefu kwamba elimu ya biashara ni dhaifu, haina utafiti, inafundisha ufundi mdogo mdogo wa ofisini. Dawa iliyopendekezwa ilikuwa sayansi: takwimu, hisabati, uchumi, na pia sayansi za tabia ya binadamu.

Shule zikaitikia. Maprofesa wakaajiriwa kwa uwezo wa utafiti, mitihani ikawa migumu, heshima ikapanda. Hata tabia ya binadamu ikafundishwa, lakini kama nadharia ya kukariri. Nenda kaangalie mtihani wowote: ni rahisi kumpa mwanafunzi alama kwa kutaja hatua tano za maendeleo ya kundi. Kumpa alama kwa kuwa ameacha kukatisha wenzake ni shughuli nyingine kabisa.

Mwaka 1988 Lyman Porter na Lawrence McKibbin walitoa ripoti nyingine kubwa, wakifanya kazi kwa niaba ya chombo kinachosimamia ubora wa shule hizo. Miongoni mwa malalamiko waliyoyakuta: wahitimu wana uwezo wa kuchambua, ila stadi za kuishi na kuongoza watu hazipewi uzito unaostahili. Karibu miaka 30 ilikuwa imepita, na jibu la ugonjwa wa kwanza lilikuwa limezaa ugonjwa wa pili.

Baba, mwana, na wavu wa tenisi

Kuna mahali mbinu ya Bethel haikufa, na hapa historia inakuwa ya kifamilia. Leland Bradford, yule wa New Britain, alikuwa na mtoto, David. Mwishoni mwa miaka ya 1960 David Bradford alikwenda kufundisha shule ya biashara ya Stanford, na akalilea somo la mahusiano baina ya mtu na mtu ambalo bado linafundishwa. Wanafunzi walilipachika jina la utani lenye maana kama "kugusana na kuhisiana". Ni utani, lakini kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa masomo ya hiari yanayogombewa zaidi shuleni hapo. Wanafunzi 12 na wawezeshaji 2 wanakaa duara, muhula mzima.

Kitu kimoja kutoka somo hilo nakuomba ukibebe. Wanakiita wavu, kama wavu wa tenisi. Kati ya watu wawili kuna mambo matatu: nia ya mtendaji, tendo lenyewe, na athari yake kwa mwingine. Nia yako unaijua wewe. Athari kwangu naijua mimi. Tendo tu ndilo tunaloliona sote. Basi unapotoa mrejesho, baki upande wako wa wavu: sema ulichokiona na kilichokupata, usiruke kwenda kumwelezea mwenzako nia yake.

Tuchukue mfano. Mtu anamwambia mwenzake wa kundi, "Wewe una dharau." Hapo ameruka wavu. Anadai anajua kilichomo moyoni mwa mwenzake, na mwenzake atakachofanya ni kujitetea. Sasa jaribu hivi: "Nilipokuwa naeleza bajeti ulinikatisha mara mbili, na mara ya pili niliona bora ninyamaze." Haibishaniwi kirahisi. Kukatisha kulionekana, na kuona bora kunyamaza ni kwake yeye msemaji. Rudi kwenye kile kikaratasi changu: "Ukishaongea wewe, mjadala umeisha." Aliyekiandika hakuniita mbinafsi. Angeniita mbinafsi, ningekitupa.

Walioumia

Usidhani safari yote ilikuwa ya asali. Mwishoni mwa miaka ya 1960 makundi haya yalitoka vyuoni yakawa mtindo wa mjini Marekani. Carl Rogers, mwanasaikolojia mashuhuri, alifikia kuyahesabu kati ya uvumbuzi mkubwa wa kijamii wa karne ile. Wawezeshaji wakaongezeka, wengine bila mafunzo ya kutosha, wengine wakiamini kwamba mshiriki asipolia hajajifunza.

Wanasayansi wakaanza kupima. Mwaka 1968 John Campbell na Marvin Dunnette walipitia tafiti juu ya mafunzo haya kwa mameneja. Walikuta dalili kwamba tabia za washiriki hubadilika, ila ushahidi kwamba wanafanya kazi yao vizuri zaidi ulikuwa haba. Mwaka 1973 Morton Lieberman, Irvin Yalom na Matthew Miles walichapisha utafiti uliofanyika kwa wanafunzi zaidi ya 200 wa Stanford, waliogawanywa kwenye makundi ya mitindo mbalimbali. Takriban theluthi moja walifaidika. Wengi wa waliobaki hawakupata mabadiliko ya kudumu. Na 16 kati yao, karibu 8 katika kila 100, walitoka na madhara ya kisaikolojia yaliyodumu. Jina la mbinu iliyotumiwa halikueleza sana tofauti hizo. Kilichoeleza zaidi ni mwezeshaji: wale wakali, waliosukuma watu wajivue mbele ya wenzao, ndio waliowaumiza wengi zaidi.

Makundi haya yaliwahi kufika hata kwenye mambo yetu. Agosti 1969, profesa Leonard Doob wa Chuo Kikuu cha Yale aliwakusanya wasomi 18 kwenye hoteli iitwayo Fermeda, milimani kaskazini mwa Italia: 6 kutoka Kenya, 6 kutoka Ethiopia, 6 kutoka Somalia. Nchi zao zilikuwa zinagombania mipaka, na vita vya shifta kaskazini mwa Kenya vilikuwa vimekwisha miaka miwili tu nyuma. Kwa wiki mbili walikaa kwenye makundi ya T yaliyochanganya mataifa yote matatu. Miongoni mwa Wamarekani walioshiriki kuongoza alikuwemo Richard Walton, mtaalamu wa migogoro anayejulikana kwa kazi yake katika shule ya biashara ya Harvard.

Katika makundi madogo, watu walisikilizana na mawazo ya suluhu yakaanza kuchipua. Walipokutana wote kwenye ukumbi mmoja wakubaliane juu ya suluhu moja, hawakufika. Ukaribu uliojengwa kwenye duara la watu wachache haukutosha kubeba mzigo wa mataifa matatu.

Wataalamu wa viwandani walikuwa wameshaliona jambo linalofanana na hilo kwa udogo wake. Miaka ya mwanzo ya 1950, Edwin Fleishman alichunguza wasimamizi wa kiwanda cha International Harvester waliopelekwa shule kufundishwa kuwajali wafanyakazi. Darasani walibadilika. Walioporudi kiwandani, tabia yao ilifuata zaidi ya bosi wao kuliko ya darasa. Kama bosi alikuwa mkali, ukali ulirudi.

Werevu 25, ushindi 3

Upande wa timu nao ulikuwa na maajabu yake. Ng'ambo ya bahari, kando ya mto Thames, kulikuwa na chuo cha mameneja cha Henley. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, Meredith Belbin alipata nafasi adimu pale: mameneja waliokuja kusoma walicheza mchezo wa kuendesha kampuni, timu kwa timu, na mwisho wa mchezo fedha zilionesha nani kashinda. Yeye aliwapima akili na tabia kabla, kisha akapanga nani akae na nani.

Jaribio lake maarufu lilikuwa kuwaweka werevu wote timu moja. Aliziita timu za Apollo, kwa heshima ya safari za mwezini. Wewe ungeweka dau wapi? Kati ya timu 25 za Apollo, zilizoshinda ni 3 tu. Wanatimu walitumia muda wao kubomoa hoja za wenzao. Kila mmoja aliona kasoro za kila pendekezo, hakuna aliyekubali kuacha lake, na kazi ndogondogo zilizohitaji mtu wa kuzifanya zilikosa mwenyewe.

Belbin aliandika kitabu mwaka 1981, na majina yake ya nafasi za wanatimu yakasambaa kila shule ya biashara. Kwa bahati mbaya mara nyingi yanasambaa kama nyota za unajimu: "Mimi ni wa aina hii, siwezi kufuatilia mambo madogo." Dodoso lake limekosolewa na wapimaji wa baadaye. Lakini somo la Apollo limebaki: akili za mmoja mmoja hazijumlishwi kama shilingi.

Miaka ya 1990 mwanafunzi wa uzamivu kule Harvard, Amy Edmondson, alitaka kuonesha kwamba timu nzuri za hospitali hukosea dawa mara chache. Takwimu zikamgeukia: timu zilizoonekana bora ndizo zilizorekodi makosa mengi zaidi. Wewe unayeandika tasnifu unajua baridi ya wakati kama huo. Alipochunguza zaidi akapata maelezo: timu hizo zilikuwa zinasema makosa yao, nyingine zinayaficha. Mwaka 1999 alichapisha kazi iliyoipa hali hiyo jina tunaloweza kuliita usalama wa kisaikolojia, yaani imani ya wanatimu kwamba ukikiri kosa au ukiuliza swali la kijinga hutaaibishwa. Ukisoma hilo baada ya wale 16 wa Stanford, unaona ni swali lilelile limerudi kwa mlango mwingine: mtu atakubali kuonwa pale tu ambapo kuonwa hakumwangamizi.

Je, inafundishika?

Mjini Cleveland, shule ya biashara ya Chuo Kikuu cha Case Western Reserve iliamua kulijaribu swali hili kwa ukamilifu. Mwaka 1990 ilianza somo la lazima kwa wanafunzi wa MBA. Kila mmoja anapimwa mwanzoni: anajitathmini, anatathminiwa na wanaomjua, anarekodiwa video akiwa kwenye majadiliano ya kundi. Kisha anaandika anataka kuwa mtu wa namna gani, na mpango wa kufika huko. Richard Boyatzis na wenzake wakawafuatilia wahitimu kwa miaka.

Waliosoma kabla ya mageuzi hayo walitoka bila kuongeza sana stadi za kujitambua na za mahusiano. Waliosoma baadaye waliongeza, na kwa baadhi yao mabadiliko yaliendelea kuonekana miaka kadhaa baada ya masomo. Kwa hiyo ndiyo, inafundishika. Ila angalia iliwezekana kwa gharama gani: vipimo kutoka kwa watu wengine, muda wa kutosha, lengo alilolichagua mwanafunzi mwenyewe, na mazoezi yanayorudiwa. Siku moja ya semina yenye chai na sambusa haimo kwenye orodha.

Sasa tuitazame hali yetu. Vyuoni tunapewa kazi za vikundi kwa wingi, na tuseme ukweli, mara nyingi ni kwa sababu mhadhiri hawezi kusahihisha karatasi 200. Tunaunda grupu la WhatsApp, mmoja anaandika, wengine wanaongeza majina kwenye jalada, tunapata alama. Kisha tunaandika kwenye wasifu wetu kwamba tuna uwezo wa kufanya kazi katika timu. Tumewekwa kundini, lakini hakuna aliyetuonesha kundi. Ni sawa na kumtupa mtu kwenye maji ya kina kirefu, akifika ufukweni kwa kushikilia mgongo wa mwenzake, tukampa cheti cha kuogelea.

Huhitaji kusubiri chuo kibadilishe mtaala. Kundi lako lijalo, kabla hamjagawana kazi, kubalianeni kwamba mkifika katikati mtatenga nusu saa bila slaidi na bila simu. Kila mmoja amwambie kila mwenzake mambo mawili, lililosaidia na lililokwamisha, akibaki upande wake wa wavu. Fanyeni katikati, wakati bado kuna muda wa kurekebisha. Kama kuna asiyetaka, msimlazimishe. Tumeshaona kinachowapata wanaosukumwa. Na kama wewe ndiye kiongozi, anza kwa kuomba la kwako.

Yule mwenzangu aliyeandika kikaratasi, nilimtafuta muhula uliofuata tukafanya kazi pamoja tena. Tuliwekeana ishara: nikianza kumalizia sentensi ya mtu, anagonga meza kidogo kwa kidole. Kikao cha kwanza aligonga mara saba. Niliudhika kuanzia ya tatu. Cha mwisho aligonga mara mbili, na mara moja kati ya hizo, anasema yeye, alikuwa anafukuza nzi.